Mpiga Kinanda Naye Ana Watoto



Clara Schumann, mpiga piano wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1819, alijaliwa watoto 8. Mwaka 1854 mumewe Robert, mtunzi wa muziki, alilazwa kwa maradhi ya akili. Miaka 2 baadaye akafariki. Clara alibaki na watoto 7, akawalea kwa kazi ya vidole vyake: maonyesho na kufundisha. Alipofundisha chuo cha muziki cha Frankfurt kuanzia mwaka 1878, binti zake Marie na Eugenie walimsaidia. Kulipwa hakukuupunguzia muziki wake heshima.

Sasa tumtazame mpiga kinanda wa kwaya zetu hapa Tunduma. Mchana yuko mpakani akitafuta riziki, jioni tunamwita mazoezini, Jumamosi harusi, Jumapili Misa. Malipo yetu mara nyingi ni “Mungu atakubariki”. Akirudi nyumbani, watoto wamelala.

Falsafa inatufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao unaiita familia Kanisa la nyumbani. Hatuwezi kulijenga Kanisa moja kwa kulibomoa lingine.

Tunapendekeza halmashauri za parokia zimtengee posho, mazoezi yaishe mapema, na vijana wawili watatu wafundishwe kinanda ili wapokezane naye. Wakiwemo watoto wake, itapendeza zaidi.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.