Majina ya Kivaa ni makumbusho yetu

Wako wanaodhani kwamba kumbukumbu ya kihistoria sharti iwe ya mawe. Nami nilikuwa miongoni mwao hadi niliposimama mbele ya Lango la India mjini Mumbai. Lango hilo lilijengwa kuadhimisha ziara ya Mfalme George wa Tano ya mwaka 1911, likakamilika mwaka 1924. Hata hivyo, mwenyeji wangu hakumtaja mfalme huyo. Alinisimulia jinsi kikosi cha mwisho cha askari wa Uingereza kilivyopita hapo mnamo Februari 1948 kikienda zake. Jiwe ni lile lile, ila masimulizi yamegeuka. Majina nayo yaligeuzwa: Bombay ikawa Mumbai mwaka 1995, na mwaka uliofuata stesheni ya Victoria ikapewa jina la Shivaji, mtawala wa kale wa eneo hilo.

Sisi wa Kivaa hatuna lango la mawe. Kumbukumbu zetu ni milima, mito na majina yake. Machakos yenyewe ni jina la mzee Masaku, lililopotoka midomoni mwa Waingereza walioufanya mji huo kituo cha utawala wao kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1899. Syokimau naye alikuwa mtabiri wa Kikamba. Yasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa nchini kabla ya reli kufika. Stesheni yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 2012, na yamkini wengi wanaoabiri treni hapo hawajui kwamba Syokimau alikuwa mtu.

Ya Kivaa yananichoma zaidi. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, maji ya mto Tana yalifunika mabonde, vivuko na malisho, na kila mahali hapo palikuwa na jina. Nilipokwenda nyumbani likizo iliyopita, nilimwomba mzee mmoja anitajie majina hayo. Alitaja 11, akanyamaza, kisha akasema aliyeyajua yote ni kaka yake. Kaka huyo tulimzika miaka 2 iliyopita. Mimi, ambaye nimetumia nusu ya umri wangu kuchunguza lugha za watu wa mbali, sikuwahi kumwuliza!

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti majumba ya makumbusho na maktaba. Naiomba Kaunti ya Machakos ianze na jambo lisilohitaji saruji: daftari moja katika kila shule. Wanafunzi wawaulize babu na nyanya zao jina la kila kilima, kijito na kivuko, pamoja na maana yake, wayaandike kwa Kikamba na Kiswahili. Nguzo za mawe tutazijenga siku tutakapopata fedha. Wazee wetu hawatatungoja hadi siku hiyo.

Daftari langu nimekwisha kulifungua. Lina majina 11.