Hata Tab nayo ipimwe!

Wadau, juzi nimebishana na fundi mmoja wa programu mpaka chai ikapoa. Ametengeneza programu ya Python ya kutunza takwimu za shule, kila kona ameiandikia majaribio, isipokuwa ule ukamilishaji wa majina kwenye konsoli. Nikamuuliza kulikoni. Akacheka: "Hiyo ni Tab tu bwana, ikigoma mtu ataandika mwenyewe."

Ataandika mwenyewe! Hivi huyu bwana amewahi kufika Ngara?

Ukiwa Dar, ukisahau jina la amri unafungua intaneti, kwisha. Nenda Murusagamba, au Nyakahura kule Biharamulo, uone. Ukiwa mpakani, Rusumo au Kabanga, simu inaweza kudaka mtandao wa Rwanda au Burundi na salio likaliwa hujasoma hata mstari mmoja. Kwa karani wa huko Tab ndiyo kitabu cha maelekezo. Anaandika "shule", anaweka nukta, anabonyeza, anaorodheshewa kila kinachowezekana, bila bando. Kwenye Python huduma hiyo inakuja imeshawashwa tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014.

Na msidhani Tab ikikosea hasara yake ni kuchapa herufi tano zaidi. Zipo sifa ambazo ukizisoma tu, msimbo unatendeka nyuma ya pazia. Kikamilishaji cha Python, rlcompleter, kilikuwa kinazisoma wakati kinatafuta majina! Yaani unauliza jina tu, kazi inafanyika. Tuseme sifa hiyo inatuma ujumbe kwa wazazi... Walirekebisha mwaka 2021, na jaribio lake ni fupi mno: tengeneza kitu chenye sifa ya namna hiyo, omba kikamilishaji kimalizie jina lake, kisha hakikisha jina limetoka na sifa haikuguswa.

Tena huhitaji mtu wa kubonyeza kitufe. Unaita complete() kwa neno ulilolianza na namba 0, halafu 1, halafu 2, mpaka majina yaishe. Basi! Fundi anayesema hana muda wa hilo anatania.

Jambo jingine, na hapa ndipo tulipokaribia kugombana. Majaribio ya Python yenyewe yanatumia majina kama spam na _ham. Sawa, ni yao. Sisi tunaandika mwaka, mwalimu, mwanafunzi, mwandishi, yote yanaanza na "mwa". Karani akiandika "mwa" anatakiwa aone yote manne, asipewe la kwanza kimyakimya. Akiandika "ma" kutafuta "matokeo", atakutana pia na map( na max( za Python, mabano yakiwa yamefunguliwa. Fundi aliyetarajia "matokeo" peke yake ataona jaribio limefeli, na ninavyowajua, atalifuta jaribio! Kumbe kosa ni matarajio yake. Aangalie kama "matokeo" limo kwenye orodha.

Jamaa kaniambia eti mwandishi wa habari hayo yananihusu nini. Yananihusu, kwa sababu takwimu za shule nikiziandika vibaya gazetini naulizwa mimi, haulizwi yeye.

Nimemwachia maneno mawili kwenye karatasi, "mwa" na "ma". Nasubiri majaribio.