Mbio humtosha mmoja, vinyoya huhitaji mwenzi

ENEO la Gusii halina upungufu wa mabingwa wa kukumbukwa. Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000 za Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, kisha akawa wa sita mjini Roma mwaka 1960. Arere Anentia alitwaa nishani ya shaba ya maili sita katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff mwaka 1958. Naftali Temu ndiye aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000 mjini Mexico City mwaka 1968. Miaka 25 baadaye, Yobes Ondieki akawa binadamu wa kwanza kukimbia masafa hayo chini ya dakika 27, alipotumia 26:58.38 mjini Oslo.

Kwa hivyo kijana wa Nyacheki, katika eneo bunge la Bobasi, anapoambiwa kwamba michezo ni ajira, picha inayomjia akilini ni ya mtu anayekimbia. Vilima viko tele, njia za kupita kati ya migomba na majani chai hazina kiingilio, na mazoezi hayamngojei mtu mwingine aamke.

Lakini sasa picha hiyo inatakiwa kupanuliwa. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 chini ya mtaala mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyowekewa ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Mzazi aliyezoea kuuliza kama mwanawe atakuwa mwalimu au muuguzi anatakiwa kuuliza swali jipya: mtu aweza kuishi kwa mchezo upi, na kwa muda gani?

Badminton, au mpira wa vinyoya, ni kipimo kizuri cha swali hilo, hasa unapochezwa na wawili dhidi ya wawili. Mchezo huu si mgeni kabisa katika shule za Kenya. Hata hivyo, kazi ya mchezaji wa jozi ina masharti ambayo mkimbiaji hajawahi kuyafikiria, na maisha ya Greysia Polii wa Indonesia yanayaonyesha kinagaubaga.

Polii alizaliwa Jakarta mnamo Agosti 1987, na kazi yake yote ya maana aliifanya akiwa nusu ya kitu kizima. Katika mchezo wa jozi, nafasi ya mchezaji katika orodha ya dunia hutokana na pointi alizochuma akiwa na mwenzi fulani. Akibadilisha mwenzi, jozi mpya huanza kupanda ngazi karibu kutoka chini. Mkimbiaji aliyeachana na kocha wake hubaki na muda wake bora. Mchezaji wa jozi aliyeachwa na mwenzi hubaki na raketi.

Ubaya wa kufungwa nira na mwenzi ulionekana wazi katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Waandaaji walikuwa wameanzisha hatua ya makundi, na hapo ndipo hesabu za ujanja zilipopata mlango. Jozi ya pili kwa ubora ya Uchina, Tian Qing na Zhao Yunlei, ilipigwa na Wadenmark na kumaliza ya pili katika kundi lake. Jozi ya kwanza ya Uchina, Wang Xiaoli na Yu Yang, ikaona kwamba ikishinda mchuano wake wa mwisho huenda ikakutana na wenzao kabla ya fainali. Julai 31 ikacheza ili ishindwe, nao wapinzani wao kutoka Korea Kusini hawakuwa na haja ya kushinda pia.

Mchuano uliofuata wa aina hiyo ulimhusu Polii na mwenzi wake wa wakati huo, Meiliana Jauhari, dhidi ya jozi nyingine ya Korea Kusini. Ambaye angeshinda angepangiwa Wang na Yu katika robo-fainali. Watazamaji katika ukumbi wa Wembley walizomea huku wachezaji wa kiwango cha juu duniani wakipiga kinyoya wavuni kana kwamba ndiyo kwanza wanajifunza.

Kesho yake, Agosti 1, Shirikisho la Badminton Duniani, BWF, liliwatimua wachezaji wote wanane. Dhahabu ilikwenda kwa Tian na Zhao, wale wale ambao wenzao walitaka kuwakwepa.

Adhabu ilikuwa ya haki, ingawa waliotunga mpangilio wenye kumlipa anayeshindwa hawakutimuliwa popote. BWF lenyewe lilikiri kasoro hiyo kwa vitendo. Kabla ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, lilibadilisha utaratibu ili jozi zinazomaliza za pili katika makundi zipigiwe kura upya, na hivyo hakuna awezaye kujichagulia mpinzani. Polii alikuwa na miaka 24 alipotolewa London. Wapo wachezaji ambao habari yao ingeishia hapo.

Yake haikuishia. Alirudi na mwenzi mwingine, Nitya Krishinda Maheswari, na wawili hao wakashinda dhahabu ya michezo ya Asia mjini Incheon mwaka 2014, kisha shaba ya ubingwa wa dunia mwaka 2015. Mjini Rio walikomea robo-fainali. Baadaye mwaka huo goti la Nitya likahitaji upasuaji, na kazi ya watu wawili ikasimama kwa sababu ya goti la mtu mmoja.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa na riadha. Mkimbiaji akiumia, anaumia yeye. Polii alikuwa mzima wa afya, mwenye uzoefu wa zaidi ya mwongo mmoja, na hakuwa na wa kucheza naye. Alifikiria kustaafu. Kilichombakisha ni kwamba nchi yake ilikuwa na kambi ya kitaifa huko Cipayung, mjini Jakarta, yenye wachezaji wachanga wa kutosha kumpatia mwenzi wa tatu. Mwaka 2017 alipewa Apriyani Rahayu, msichana aliyezaliwa mwaka 1998 huko Konawe, Sulawesi Kusini Mashariki, mbali na anasa za jiji.

Tofauti yao ya umri ilikaribia miaka 11. Mkubwa akawa mwenzi, na kwa kiasi fulani mlezi. Mwaka huo huo walishinda mashindano ya wazi ya Thailand na ya Ufaransa, na mwaka 2018 na 2019 wakatwaa shaba ya ubingwa wa dunia.

Agosti 2, 2021, katika Olimpiki ya Tokyo iliyoahirishwa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya janga la Covid-19, Polii na Apriyani waliwapiga Chen Qingchen na Jia Yifan wa Uchina kwa 21-19, 21-15. Hawakuwa miongoni mwa jozi zilizopewa nafasi maalumu katika ratiba, na hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Indonesia katika jozi za wanawake tangu badminton iingie rasmi Olimpiki mwaka 1992. Katika fainali hiyo raketi ya Polii iliharibika kinyoya kikiwa hewani. Akakimbia kando kuchukua nyingine, huku Apriyani akiulinda peke yake uwanja wenye upana wa mita 6.10. Anayetaka kuelewa mchezo wa jozi ni nini hana haja ya maelezo marefu zaidi ya sekunde hizo.

Fedha nazo zina hesabu yake. Katika ziara ya dunia ya BWF, iliyoanza kwa sura yake ya sasa mwaka 2018, bingwa wa mchezaji mmoja mmoja hupata asilimia 7 ya zawadi zote. Jozi bingwa hupata asilimia 7.4, kisha hugawana. Mashindano yakiwa na zawadi ya dola milioni moja, bingwa wa kucheza peke yake huondoka na dola 70,000, na kila mmoja wa jozi bingwa huondoka na dola 37,000. Jasho ni lile lile na nauli ya ndege ni ile ile, lakini malipo hupungua kwa karibu nusu. Hiyo ndiyo zawadi ya mshindi. Wanaotoka raundi ya kwanza, ambako wachezaji wengi wa Afrika huishia wanapofika huko, hupata fedha zisizotosha hata kulipia safari.

Kinachomlisha mchezaji wa Indonesia, kwa hivyo, si zawadi pekee. Ni klabu kubwa zinazodhaminiwa, kama PB Djarum ya Kudus iliyoanza mwaka 1969 chini ya kampuni ya sigara, ni kambi ya taifa, ni matangazo ya biashara, na ni serikali. Kwa dhahabu ya Tokyo, serikali ya Indonesia ilitangaza rupia bilioni 5.5 kwa kila mchezaji. Viongozi na wafanyabiashara nao wakaongeza ahadi zao, zikiwemo nyumba, mkahawa wa mipira ya nyama na ng'ombe watano.

Msomaji wa Gusii hatacheka akisikia habari za ng'ombe. Temu naye, baada ya dhahabu ya Mexico City, alipewa shamba huko Borabu na Rais Jomo Kenyatta. Ulikuwa ukarimu mkubwa kwa wakati wake, lakini haukuwa mpango wa kumtunza mwanamichezo. Alifariki Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 57, na miaka yake ya mwisho haikufanana na ya mtu aliyeifungulia nchi mlango wa dhahabu. Tofauti ya Indonesia ni kwamba ng'ombe walikuja juu ya mfumo ambao tayari ulikuwa umemlea mshindi. Kwa Temu, shamba ndilo lililokuwa mfumo wenyewe.

Je, Mwafrika amewahi kuupata mlango katika mchezo huu? Ndiyo, ingawa mlango wenyewe ni mwembamba. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Algeria iliwakilishwa katika jozi za mseto na Koceila Mammeri na Tanina Mammeri, kaka na dada. Si ajabu kwamba jozi ya kudumu barani ilipatikana ndani ya familia moja, kwa kuwa mahali pasipo na kambi ya taifa yenye wachezaji tele, nyumba huwa ndiyo kambi.

Karibu zaidi ni Uganda. Nchi hiyo iliandaa ubingwa wa Afrika mjini Kampala mwaka 2022, na mwaka 2024 timu yake ya wanawake, ambayo Husina Kobugabe ni mmoja wa nguzo zake, ilishiriki kombe la Uber mjini Chengdu, Uchina. Ilipangwa kundi moja na Japani, Indonesia na Hong Kong. Matokeo hayakuwa ya kushangilia, na hakuna aliyetarajia vingine. Lakini wasichana wa Uganda wamesimama upande wa pili wa wavu mbele ya Waindonesia, na hilo halikuja kwa kubahatisha. Kampala ina ukumbi wa Lugogo, na mashindano ya kimataifa huletwa mjini humo ili wachezaji wachume pointi bila kulipa nauli za kwenda mabara mengine.

Ukumbi ndio kiini cha mambo. Kinyoya halisi kina manyoya 16 na uzani wa kati ya gramu 4.74 na 5.50, mwepesi kiasi kwamba upepo mdogo hukipeleka unakotaka wenyewe. Katika nchi ya vilima yenye mvua nyingi kama Bobasi, kucheza nje ni burudani ya jioni tulivu, haiwezi kuwa mazoezi ya kazi. Uwanja wa Gusii mjini Kisii ni wa soka na mbio. Shule nyingi za mashambani zina bwalo la chakula, na bwalo lina meza.

Jukumu si la wazazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka michezo na vifaa vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa muda wote tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, mjadala wa michezo umekuwa wa viwanja vya wazi na majukwaa ya kukalia watazamaji, pengine kwa kuwa jukwaa hupigwa picha vizuri zaidi siku ya uzinduzi. Mtaala mpya unaifanya hesabu hiyo kuwa ngumu. Haiwezekani kumpa mtoto mkondo wa michezo kisha mchezo wenyewe ukawa ni ule mmoja usiohitaji jengo.

Wala haifai kudai kwamba Mgusii ni mtu wa kushindana peke yake tu. Charles Asati na Hezekiah Nyamau, wote wa Gusii, walikuwa katika kikosi cha Kenya kilichoshinda fedha ya mita 400 mara nne za kupokezana vijiti mjini Mexico City mwaka 1968, na wakawemo tena mjini Munich mwaka 1972 dhahabu ilipopatikana. Kupokezana kijiti kwa kasi ile ni kumwamini mwenzio. Kipaji cha kushirikiana kipo na kumbukumbu zake zipo.

Mambo mawili lazima yapatikane kwa wakati mmoja: paa, na watoto wengi wanaocheza chini yake. Polii alistaafu Juni 2022 akiwa na miaka 34, akamwacha Apriyani na dhahabu ya Olimpiki. Wiki chache baadaye Apriyani alikuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Malaysia akiwa na Siti Fadia Silva Ramadhanti. Aliyechukua nafasi hiyo alikuwa tayari kambini, akisubiri.

Mwalimu wa michezo wa Nyacheki akipata wasichana wawili wenye mkono mwepesi mwaka huu, atahitaji wengine kumi wa kuwapinga kila jioni, na wa kushika raketi siku mmoja wa wale wawili atakapoumia goti. Kabla ya hao wote, atataka kujua watachezea wapi mvua ikinyesha.