Mtaji Usiwe Kitanzi

Huenda nawe unaye mdogo wako kule Kayanga au Nkwenda ambaye amekuomba fedha za kuanzishia biashara. Kabla hujazituma, hebu tutafakari pamoja.

Wenyeji wa Karagwe na Kyerwa wanaifahamu butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa huuza kahawa yake ingali maua mtini. Mwenye fedha hulipa kidogo, huondoka, kisha hurudi wakati wa mavuno kuchukua chake. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini dhiki ndiyo inayoilea.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1946, huko Boston, Marekani, Georges Doriot na wenzake waliunda kampuni ya kuwapa mtaji waanzilishi wa biashara na kupokea hisa badala ya riba. Biashara ikianguka, mwenye fedha hupata hasara pamoja na mwanzilishi. Ikistawi, wote hunufaika. Mwaka 1957 kampuni hiyo iliweka dola 70,000 katika Digital Equipment, iliyokuja kuwa kampuni kubwa ya kompyuta.

Siku hizi makampuni ya aina hiyo yametambua kwamba fedha peke yake haitoshi. Andreessen Horowitz, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliajiri wataalamu wa kuwasaidia waanzilishi kutafuta wafanyakazi na wateja. Anayetoa mtaji sasa hupimwa pia kwa msaada anaoutoa baada ya fedha kupokewa.

Nawe, mfanyakazi wa mjini, kwa mdogo wako u mwekezaji. Patana naye mapema mtakavyogawana faida na hasara. Mhimize aweke daftari la mapato na matumizi, nawe ulikague kila uendapo likizo. Mtafutie wanunuzi huko mjini uliko. Mshauri pia aungane na vijana wenzake, maana halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Ukituma fedha ukanyamaza, kisha ukaibuka msimu wa mavuno kudai chako, una tofauti gani na mnunuzi wa butura? Usiipeleke butura katika nyumba ya baba yako.