*TAHARIRI YA TAWI: MELI ZA CHINA NA SWALI LETU*



Kila meli ya jeshi la China inapotia nanga Dar es Salaam, kundi letu hugawanyika: wanaoshangilia na wanaoogopa. Kabla ya kuchagua upande, tujifunze.

Jeshi la Majini la China lilianzishwa 1949. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kulinda pwani tu. Miaka ya 1980 mkuu wake, Admirali Liu Huaqing, alisukuma fikra mpya: ulinzi uanzie mbali na ufukwe. Matunda hayakuja haraka. Meli yao ya kwanza ya kubeba ndege, Liaoning, iliingia kazini 2012, tena ilitokana na bodi la meli lililonunuliwa Ukraine. Ya pili, Shandong, waliijenga wenyewe, ikaanza kazi 2019.

Huku kwetu walifika mapema. Desemba 2008 walituma meli Ghuba ya Aden kulinda meli za biashara dhidi ya maharamia. Mwaka 2017 wakafungua kambi Djibouti.

*Somo ni hili:* jeshi lilifuata shehena. Viwanda vilizalisha, bidhaa zikajaa baharini, mafuta yakaagizwa kutoka mbali, na karakana za meli zikakua. Ndipo manowari zikaenda kulinda njia hiyo. Meli hizo haziji kwa kutupenda wala kwa kutuchukia. Zinafuata maslahi ya kwao, kama za taifa lingine lolote.

Julai 2024 meli ya hospitali, Peace Ark, ilitibu wananchi Dar es Salaam. Tunashukuru kwa dhati. Lakini shukrani si sera, na mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Msimamo wa tawi: urafiki uendelee, ila mikataba ya bandari na ya ushirikiano wa kijeshi ijadiliwe bungeni kwa uwazi. Na tujiulize: boti zetu za doria zinatosha? Nani anamzuia anayevua kwa wizi katika maji yetu? Vijana wetu wanafundishwa kuunda meli, au kupakua tu za wenzao?

Kila mwanachama aje kwenye mkutano wa tawi na swali moja la kumpelekea mbunge wetu. Kushangilia na kuogopa tuache. Tuulize.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi. Wasambazie wanachama wenzako._