Tochi ya Leza si ya Kumulikia Ndege

Jioni moja, ufukweni Bagamoyo, niliwakuta vijana watatu wakishindana nani ataipata kwa tochi ya leza ndege iliyokuwa ikishuka kuelekea Dar es Salaam. Niliposogea nikawatambua. Walikuwa wanafunzi wangu, na swali la mwanga katika mtihani wa majaribio walikuwa wamelijibu vizuri.

Walijitetea kwamba ndege iko mbali na kidoa cha mwanga ni kidogo kama punje ya mtama. Hapo ndipo kosa lilipo. Mwali wa leza hutanuka kadiri unavyosafiri. Tukapiga hesabu mchangani: ukitanuka milimita 1 kwa kila mita 1, kwenye umbali wa mita 3,000 kidoa kina upana wa mita 3. Kinatosha kufunika kioo kilicho mbele ya rubani. Kioo nacho huutawanya mwanga, chumba kizima kikang'aa. Usiku mboni za macho ya rubani zimepanuka, na jicho la binadamu huhisi rangi ya kijani kuliko nyekundu. Ndege kubwa ya abiria hutua kwa mwendo wa takriban mita 70 kwa sekunde. Rubani akishindwa kuona kwa sekunde 5 tu, imekwisha kwenda mita 350.

Wapo wanaouliza, "Mbona hatujasikia ndege imeanguka kwa leza?" Aliyepanda bodaboda mara 100 bila kofia akafika salama hajathibitisha kwamba kofia haina kazi. Nchini Marekani pekee, mwaka 2023 ziliripotiwa taarifa zaidi ya 13,000 za ndege kumulikwa. Huko, na pia Uingereza kwa sheria ya mwaka 2018, mkosaji anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Kwa maoni yangu, adhabu peke yake haitoshi. Polisi hawawezi kulinda kila ufukwe kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo. Wauzaji wasiwauzie watoto leza kama vitu vya kuchezea, na shuleni ibaki mikononi mwa mwalimu. Lakini kinga ya kwanza ni wewe mtahiniwa. Elimu inayoishia kwenye karatasi ya majibu haijakamilika. Wale vijana, hesabu ilipofika mita 350, walizima tochi bila kuambiwa.