Wana-Mumosho, malipo ya kibarua tuyapange kwa bei za soko



Mwaka 2018 serikali ya Kongo iliweka mshahara wa chini kuwa faranga 7,075 kwa siku. Wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya dola nne. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilishapita faranga 2,800, na zile 7,075 zikawa kama dola mbili na nusu tu. Mwaka huohuo kiwango kikapandishwa hadi 14,500. Vema, lakini nani kati yetu analipwa kwa sheria hiyo? Anayelima shamba la jirani, mbeba mizigo na msaidizi wa fundi hawana mkataba.

Mtazameni mama anayelima kibarua. Anashika jembe alfajiri, mchana anapewa pesa mkononi, anapita sokoni. Unga wa muhogo, kipimo kimoja cha maharagwe, mafuta kidogo, kipande cha sabuni. Ananunua na makaa, ingawa mto wetu Ruzizi unatoa umeme kwa nchi tatu. Pesa imekwisha, na mtoto bado anadai daftari. Akiwaza kuhamia Bukavu, kule nyumba hupangishwa kwa dola, na pesa ya garanti inatangulia. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki kufungwa, hata noti zenyewe zimekuwa za kutafuta.

Serikali ya Kinshasa tutaendelea kuidai. Lakini anayempa mama huyu kibarua ni mimi na wewe, na malipo yake tunayakadiria kwa mazoea.

Basi tufanye haya. Kila kijiji kichague watu wawili, mama na kijana, waandike kila mwezi bei za unga, maharagwe, mafuta, sabuni na makaa. Kila miezi mitatu tukutane, bei zisomwe mbele ya wote, tukubaliane kiwango ambacho mtu asilipwe chini yake, mwanamke sawa na mwanaume. Mwenye kazi asiyeweza kukilipa kwa siku nzima aombe nusu siku. Vikundi vya kuweka na kukopa vya AVEC navyo vinunue magunia kwa pamoja, wanachama wagawane kwa bei ya jumla.

Jumapili hii, baada ya ibada, msitawanyike kabla ya kuwachagua hao wawili. Kibarua asiyeweza kulisha watoto wake kwa jasho la siku nzima amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni jirani yake.